Ibn Battuta, Msafiri Aliyechukia Kurudia Njia

Sidhani kama yuko Mwislamu wa pwani hii aliyepata kukaa chuoni, hata kama hakuhitimu, ambaye jina la Ibn Battuta ni geni masikioni mwake. Tunamtaja tunapotaka kujisifia kwamba miji yetu ni ya kale. Tunasema alifika Mombasa, akafika Kilwa, akawasifu wazee wetu kwa dini yao, basi. Alikuwa mtoto wa nani, aliacha nini kwao, na alirudi akakuta nini, hayo hatuyaulizi. Mimi nami sikuwa nimeyauliza sana mpaka nilipoitwa Chara kuyatolea ushahidi, kama mtu anavyoitwa mahakamani.

Aliyeniita ni dada yangu. Ni mjane, na mwanawe wa pekee wa kiume ana miaka 22 na pikipiki moja. Miaka mitatu kijana huyo amebeba abiria Garsen, jua lake na mvua yake, akidunduliza shilingi kwa shilingi mpaka deni la chombo likaisha. Siku lilipokwisha alimwambia mama yake kwamba sasa atakwenda nacho Makka. Si kwa ndege kama mahujaji wa siku hizi, bali kwa magurudumu yake mawili: Moyale, Uhabeshi, Sudan, kisha avuke bahari hadi Jidda. Mama alipokataa, kijana akamtaja Ibn Battuta. Mwalimu wake wa madrasa aliwasimulia kwamba bwana huyo alitoka kwao akiwa na umri kama wake, peke yake, na dunia inamtaja mpaka leo. Dada yangu hakukaa sana na vitabu, lakini si mtu wa kudanganywa. Akanipigia simu, akaniambia kwamba kwa kuwa mimi ndiye msomaji katika ukoo wetu, nije niwaeleze huyo mtu alikuwa nani hasa, na mama yake alisemaje.

Nikapanda basi hadi Garsen. Mpwa wangu alikuwa akinisubiri penye kivuli, pikipiki ameiosha inang'aa. Msomaji, mimi si kijana tena, na ilikuwa muda mrefu sijapanda chombo hicho. Tulipoiacha lami tukashika njia ya udongo mweusi, ule ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu na masika hugeuka gundi, nilimshika kijana kiunoni kama mtoto. Tulipishana na ng'ombe wa Waorma wakienda majini, tukapita mashamba ya mpunga, na penye mkono wa mto tukaipakia pikipiki katika mtumbwi, nami nikakaa nyuma nikiangalia maji kwa hofu ya mamba. Lakini nitasema kweli. Tulipotoka ng'ambo, njia ikanyooka, upepo ukanipiga kifuani, nilipatwa na furaha ambayo sikuitazamia. Nilitamani tusifike. Nikajua basi kwamba ushahidi wangu hautakuwa mwepesi.

Usiku ule, baada ya sala ya isha, tuliketi uani juu ya jamvi. Dada alileta chai na ndizi. Nikaanza.

Jina lake ni Muhammad bin Abdallah, wa kabila la Lawata, Mberiberi wa Moroko. Alizaliwa Tanja mwezi 17 Rajabu mwaka 703 wa Hijra, yaani Februari 1304, katika nyumba ya watu wa sheria. Ukoo wake ulitoa makadhi wa madhehebu ya Maliki. Mwezi 2 Rajabu mwaka 725, Juni 1325, aliondoka kwenda kuhiji. Alikuwa na miaka 22 kwa hesabu ya mwezi. Hakuwa na mwenzi wa safari wala msafara wa kujiunga nao. Baba na mama walikuwa hai wote wawili, na yeye mwenyewe ameeleza kwamba kuagana kuliwauma yeye na wao pia.

Hapo dada alimtazama mwanawe, na mwanawe akaitazama chai yake.

Nikaendelea. Hakufika mbali kabla ya kujaribiwa. Katika nchi ambayo leo ni Algeria, alipofika mji wa Bijaya, alishikwa na homa kali. Mwenzi mmoja aliyemkuta njiani alimshauri apumzike mpaka apone. Akakataa, akaona kama ni kufa, afie njiani akielekea Hijazi. Akauza mnyama wake na mizigo mizito, mwenzake akamwazima kipando na hema, akaendelea. Homa ilipomzidi, alijifunga kwenye tandiko kwa kilemba chake asije akaanguka. Mpwa wangu alicheka kwa furaha aliposikia hayo. Anayajua. Amewahi kuwafikisha wagonjwa hospitalini wakiwa wamefungwa mgongoni mwake kwa leso.

Mji wa pili yake, Qusantina, walifika wamelowa mvua, nguo zimechafuka. Liwali wa mji aliziona nguo zake, akaamrisha zifuliwe, na ile iliyochakaa akamrudishia nyingine nzuri ya Baalbek, na katika pembe yake amefunga dinari mbili za dhahabu. Hiyo ndiyo sadaka ya kwanza aliyopewa njiani. Watu waliobaki majumbani ndio waliomsafirisha, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na jambo hilo wanaomsifu hulisahau.

Na kuna Tunis. Msafara ulipofika, watu wa mji walitoka kuwalaki jamaa zao, huyu akimsalimu huyu, yule akimkumbatia yule. Yeye hakusalimiwa na mtu, kwa kuwa hakuwa na amjuaye. Alilia machozi mpaka hujaji mmoja akamwona, akamwendea na kumpa salamu na kumliwaza. Ndugu msomaji, mtu huyu baadaye alikula na wafalme wa Uturuki, wa Bara Hindi na wa Mali, lakini uzeeni, alipokuwa akisimulia safari zake, hakuyaficha machozi hayo ya Tunis. Kwangu mimi, hapo ndipo ninapomwamini zaidi ya mahali pengine popote.

Alipotoka Tunis tayari alikuwa kadhi wa msafara, na kabla ya kufika Misri alikuwa ameoa, akaacha, akaoa tena. Huko Iskandaria alimkuta sheikh mmoja mcha Mungu aliyemwona ana hamu ya kusafiri, akamwagiza awasalimie ndugu zake watatu: mmoja Bara Hindi, mmoja Sindi, mmoja Uchina. Kijana alikuwa ametoka kwao kwenda kuhiji tu. Tangu siku hiyo nchi hizo ziliingia moyoni mwake. Na katika kijiji kimoja cha Misri aliota yuko juu ya ubawa wa ndege mkubwa, anapelekwa upande wa kibla, kisha Yemeni, kisha mashariki, kisha kusini, kisha mashariki ya mbali, akashushwa katika nchi ya giza na kijani.

Nikafika mahali ambapo nilijua mpwa wangu atakuwa hajapasikia, maana waalimu wetu hupenda kuparuka. Kutoka Misri, Ibn Battuta alitaka kuvukia Hijazi kwa njia fupi. Akapanda mto Naili, akakata jangwa, akafika bandari ya Aidhabu iliyokuwa ukingoni mwa Bahari ya Shamu. Hapo alikuta vita kati ya mfalme wa Wabeja na askari wa Misri, na majahazi yamezamishwa. Hakuna kuvuka. Kijana shujaa aliyejifunga kwenye tandiko kwa kilemba alifanya nini? Aliuza chakula alichokuwa amekiweka kwa safari, akageuka, akarudi Kairo. Kisha akapitia Shamu, akaingia Dameski katika Ramadhani ya mwaka 726, na kutoka huko akafuatana na msafara hadi Madina na Makka. Alihiji mwaka 1326, karibu mwaka mmoja na nusu tangu atoke kwao.

Nilinyamaza kidogo. Kijana alielewa. Njia aliyoichora yeye inapita Sudan, na Sudan kuna vita tangu Aprili 2023. Alisema polepole kwamba labda mambo yatatulia. Mama yake hakusema kitu, alinijazia kikombe.

Kutoka Chara, ukielekea kusini mashariki, bahari haiko mbali. Hiyo ni ghuba ya Ungwana, ambamo mto Tana unajimwaga, na kando ya Kipini magofu ya mji wa Ungwana yako mpaka leo pamoja na msikiti wake wa Ijumaa. Mji huo ulikuwa hai wakati Ibn Battuta alipopita mbele ya ghuba hii, yapata mwaka 1331, akitoka Mogadishu kwenda Mombasa. Hakushuka. Jahazi lilikuwa na kaskazi nyuma yake, na nahodha mwenye upepo mzuri haingii ghubani bila sababu. Nilimwonyesha mpwa wangu upande wa bahari gizani, nikamwambia kwamba yule mtu wake alipita pale. Akainuka kabisa akatazama, kana kwamba tanga bado linaonekana.

Mogadishu alikuwa amepokewa kwa desturi nzuri. Jahazi likitia nanga, vijana walikuja kwa sambuku na sinia zilizofunikwa, kila mmoja akamchagua mfanyabiashara awe mgeni wake. Yeye walipojua kuwa ni mwanachuoni, walimpeleka kwa kadhi, na kadhi akampeleka kwa sultani. Walimlisha wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Dada aliyasikiliza haya kuliko yote yaliyotangulia. Aliniuliza ndizi hizo zilikuwa mbivu au mbichi. Kitabu kinasema mbichi, nikamjibu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyesikia habari za jirani.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliona kisiwa chenye migomba na mindimu, watu wasiolima nafaka bali wakiletewa kutoka Sawahili, chakula chao kikubwa ndizi na samaki. Aliona watu wa madhehebu ya Shafii, wacha Mungu, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na mlangoni mwa kila msikiti kisima, na kata ya kuchotea maji. Watu walitembea miguu peku, na aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza. Mtu wa usiku mmoja ameyaona hayo. Wako watu waliokaa Mombasa miaka thelathini ambao hawakuona zaidi.

Kilwa alimkuta Sultani Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa ukarimu wake. Siku moja alipotoka kusali Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemeni alimwomba nguo alizokuwa amezivaa mwilini. Sultani aliingia nyumba ya khatibu, akabadili, akampa. Habari hiyo tumezoea kuisimulia hapa pwani, lakini tunaikata katikati. Watu walipomsifu sultani kwa tendo hilo, alimwongezea yule fakiri watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Niliusoma mstari huo mara mbili. Watu kumi wamehesabiwa pamoja na pembe, na mwandishi anapita bila kusimama. Hawakuwa na jina, wala hatuambiwi mama zao walikuwa wapi. Hayo niliyasema pale uani, kwa sababu nilikuwa nimeitwa kutoa ushahidi na si kuimba sifa.

Jambo jingine ni kwamba alisema nyumba za Kilwa zilikuwa za mbao, ilhali msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa, alilojenga sultani huyo huyo, ni majengo ya mawe, na magofu yake yapo. Wataalamu wamebishana sana juu ya hilo, kama wanavyobishana juu ya sehemu za safari yake ya Uchina. Tukumbuke tu kwamba kitabu kilitungwa zaidi ya miaka ishirini baadaye, na baadhi ya aliyokuwa ameyaandika yaliibwa na maharamia baharini.

Kusi lilipovuma alirudi Arabuni. Miaka iliyofuata niliieleza upesi, kwa kuwa usiku ulikuwa umeingia na mbu wa Chara hawana adabu. Alikwenda Anatolia, nchi za Watatari, Konstantinopoli, akazunguka Asia ya Kati, akaingia Bara Hindi mwaka 1333. Kanuni yake ilikuwa kutoipita njia moja mara mbili kama ataweza. Delhi alikaa miaka kama minane, kadhi wa Sultani Muhammad bin Tughluq, mfalme ambaye asubuhi hutoa dhahabu na jioni hutoa roho za watu. Akatumwa Uchina kama balozi, na kule Kalikuti dhoruba ikavunja merikebu ya zawadi. Yeye akapona kwa sababu alikuwa amebaki nchi kavu kusali Ijumaa. Akawa kadhi visiwa vya Maldivi, akaoa huko, akaondoka. Aliporudi baadaye aliletewa mwanawe mdogo, akamwona, akamwacha kwa mama yake, akaenda zake.

Dada aliniuliza ni watoto wangapi aliowaacha hivyo. Nikamwambia habari ya Dameski.

Miaka mingi nyuma, Dameski, aliacha mke mja mzito. Alipokuwa Bara Hindi alisikia kwamba amezaa mwana wa kiume, akampelekea fedha babu yake mtoto. Mwaka 1348 alirudi Dameski, na neno la kwanza alilouliza lilikuwa hilo: mwanangu yuko wapi? Akajibiwa kwamba alikufa miaka kumi na miwili iliyopita. Katika mji huo huo alikuwapo mwanachuoni wa Tanja. Akamwendea kuuliza habari za wazazi. Akaambiwa baba alifariki miaka kumi na mitano nyuma, na mama angali hai.

Mwaka ule ndio mwaka wa tauni kubwa. Shamu na Misri watu walikuwa wakizikwa kwa maelfu. Akahiji tena, kisha akaanza kuelekea magharibi. Alipofika Taza, ndani ya Moroko, siku chache tu kutoka kwao, alipewa habari kwamba mama yake amekufa kwa tauni. Alikuwa amechelewa kwa miezi michache. Akaingia Fas mwezi Novemba 1349, na kutoka huko akaenda Tanja kuzuru kaburi.

Pale uani palikuwa kimya. Dada alianza kuhesabu kwa vidole, akarudia, akaniuliza kama ni miaka ishirini na minne. Nikamwambia ndiyo, 1325 hadi 1349.

Kwa haki ya marehemu, nilimaliza yaliyobaki. Hakutulia hata baada ya hapo. Alivuka Andalusia, kisha mwaka 1352 akakata Sahara hadi Mali, akarudi Fas mwaka 1354 kwa amri ya Sultani Abu Inan. Sultani huyo ndiye aliyemtaka asimulie yote, na mwanachuoni Ibn Juzayy akayaandika. Kazi ikaisha Desemba 1355. Baadaye alikuwa kadhi katika mji mmoja wa Moroko, akafa yapata 1368. Wanaopima njia zake wanasema zinafika kilomita 117,000 au karibu yake. Bila yeye, Mombasa na Kilwa za wakati huo tungezijua kwa vigae na mawe tu. Sina njia ya kumdharau mtu aliyetuachia sauti ya kata ikigonga kisima mlangoni mwa msikiti.

Kijana alisema mama yake si wa kufa kwa tauni. Alisema kwa mzaha, lakini sauti haikuwa ya mzaha. Mama akamjibu kwamba mto ule ulipofurika mwishoni mwa mwaka 2023 ni yeye, mwanawe, aliyembeba mgongoni kumtoa majini, na kwamba hajui angebebwa na nani kama pikipiki ingekuwa Uhabeshi. Kisha akaingia ndani kulala. Hakuwa amekataa. Nilikaa na mpwa wangu mpaka chai ikapoa, akanionyesha ramani yake katika simu, mstari mrefu mwekundu kutoka Garsen kwenda juu. Nilimwuliza mafuta atapata wapi, na chumba cha kulala, na karatasi za mipaka. Mengi alikuwa ameyafikiri vizuri kuliko nilivyodhani. Pale penye Sudan alikuwa ameweka nukta, hajaendelea.

Alfajiri, baada ya sala, dada alikuja na neno lake. Mwaka huu kijana aende Lamu kwa Maulidi, na pikipiki yake, aonekane amekwenda na amerudi. Habari ya Makka itazungumzwa Mwenyezi Mungu akipenda, siku Sudan itakapotulia, na asiondoke bila radhi yake. Kijana alikubali haraka mno. Nadhani alikuwa ametarajia kukatazwa kabisa.

Alinirudisha Garsen jua likichomoza. Penye mtumbwi nilimtania, nikamwambia kwamba ya kwenda Lamu ndiyo ya kurudi, Witu ile ile, lami ile ile, na Ibn Battuta asingeipenda. Akasema atatafuta njia nyingine ya kurudi. Nikamwambia hakuna. Akacheka, akaisukuma pikipiki kuipandisha ukingoni, nami nikaisukuma kwa nyuma, viatu vimejaa tope.